Ubongo wa Oili, Ubongo wa Umeme: Giaboksi za VX za Mandera

Leo naweka kando hifadhidata na programu, niandike juu ya giaboksi. Usikimbie! Giaboksi ya otomatiki ni kompyuta kama hiyo uliyo nayo mbele yako, na kwa zaidi ya miaka arobaini ilikuwa kompyuta ambayo haikuhitaji umeme kuamua lolote. Ilipiga hesabu kwa oili. Makala ni ndefu kidogo, kwa hiyo weka chai ya maziwa jikoni kwanza.

Sababu ya kuandika ni msemo ninaousikia kila nikienda nyumbani Mandera: "Otomatiki si gari la huku." Makanika wanausema, madereva wanausema, hata mama muuza maziwa ya ngamia ambaye hajawahi kushika usukani anausema. Ushahidi wao uko wazi machoni: VX za zamani zimeegeshwa chini ya miti, mwili mzima, viti vya ngozi, injini inawaka kwa ufunguo mmoja, lakini gari haliendi. Ukiuliza ugonjwa, jibu ni moja tu: "Gia imekufa." Yangu leo ni kwamba nyingi kati ya hizo gia hazijakufa. Zimehukumiwa kwa sheria za zama nyingine. Hakuna anayeweza kujua giaboksi ya otomatiki inaumwa nini kabla ya kujua ilizaliwa lini, na hapo ndipo historia inapogeuka kuwa spana.

Tuanze mbali. Tatizo la asili la injini ya petroli ni kwamba ikisimama, inazima, wakati gari lazima lisimame mara kwa mara. Kwa gia za mkono, mguu wako wa kushoto ndio unaotenganisha viwili hivyo. Mtu aliyeleta njia nyingine hakuwa akifikiria magari hata kidogo. Hermann Föttinger, mhandisi Mjerumani aliyefanya kazi katika kiwanda cha meli cha Vulcan huko Stettin, alipata hataza mwaka 1905 kwa kifaa cha kupitisha nguvu ya injini ya meli kwa maji badala ya vyuma vinavyogusana. Chukua feni mbili uzitazamishe. Washa moja. Upepo wake utaizungusha ile nyingine ambayo haina stima. Sasa zifungie zote mbili ndani ya mtungi wa chuma uliojaa oili: hapo una kile ambacho mafundi wetu wanakiita toki konveta. Gari likisimama, feni moja inaendelea kuzunguka na nyingine inatulia, injini haizimi.

Hilo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kubadilisha gia bila mkono wa mtu, na wengi walijaribu wakashindwa. Mkanada mmoja, Alfred Horner Munro, alibuni giaboksi ya kujibadilisha katika miaka ya 1920 iliyotumia hewa iliyokandamizwa. Iliishia kwenye karatasi za hataza, kwa sababu hewa husinyaa ukiisukuma na oili haisinyai. Waliofanikiwa ni kundi la wahandisi wa General Motors lililoongozwa na Earl Thompson, mtu yuleyule aliyekuwa amewarahisishia madereva gia za mkono kwa sinkromeshi iliyowekwa kwenye Cadillac mwaka 1928. Mwaka 1939 General Motors ilitangaza Hydra-Matic, gia nne, kwa magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Cadillac ikafuata 1941. Halafu vita vikaingia, na kifaa kilichobuniwa kumpumzisha dereva tajiri kikafungwa ndani ya vifaru: kifaru chepesi cha M5 Stuart kilikuwa na injini mbili za Cadillac na Hydra-Matic mbili. Kwa hiyo anayeniambia otomatiki ni kitu laini cha mjini, namkumbusha kwamba miaka michache tu baada ya kuzaliwa kilikuwa kinakimbia vitani kikiwa kimevaa chuma.

Sasa hapa ndipo mtu wa programu anapaswa kuvuta kiti karibu. Hydra-Matic ilijuaje wakati wa kubadilisha gia?

Ndani ya boksi kuna gia za sayari: moja katikati kama jua, nyingine ndogo zinazoizunguka, na pete yenye meno kwa nje. Zote zinashikana muda wote, hakuna inayochomolewa. Ukilishika jua lisizunguke unapata mwendo mmoja, ukiishika pete unapata mwingine. Kazi ya kushika na kuachia inafanywa na klachi ndogo za sahani na bendi zinazobanwa kwa presha ya oili. Anayeamua ni klachi gani ibanwe ni sahani nene ya chuma iliyochimbwa vijia vingi kama kichuguu cha mchwa, na ndani yake vali ndogo zinazoteleza. Mafundi wanaiita valvu bodi. Mimi naiita bodi ya kompyuta.

Kwenye shafti ya kutokea kuna kifaa kinachoitwa gavana (si yule wa kaunti, huyu anafanya kazi gari likiwa linatembea tu, na hakuna aliyempigia kura). Gari likiongeza mwendo, uzito wa gavana unavutwa nje na presha ya oili yake inapanda. Upande wa pili, kebo au mrija kutoka kwenye kanyagio la mafuta unatengeneza presha nyingine, inayopanda kadiri unavyokanyaga. Presha hizi mbili zinakutana kwenye vali moja, moja inasukuma kutoka huku na nyingine kutoka kule, pamoja na springi. Gavana akishinda, vali inateleza, njia mpya inafunguka, gia inapanda. Ukikanyaga kwa nguvu mlimani, upande wa mguu unashinda na gia inashuka. Kwa lugha yetu: kama mwendo umeushinda mguu, panda, vinginevyo baki. Sentensi hiyo iliandikwa kwa chuma, springi na oili, na ilifanya kazi kwenye mamilioni ya magari.

Kitu kingine cha kustaajabisha ni hiyo oili yenyewe. Haitakiwi kuteleza tu. Inatakiwa iteleze pale penye gia na ikamate pale penye klachi, kwa wakati mmoja. Kiungo kilichosaidia kufanya hivyo kwa miaka mingi kilikuwa mafuta ya nyangumi wa spemu. Marekani ilipopiga marufuku bidhaa za nyangumi huyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakemia wakalazimika kutafuta mbadala haraka, na oili za giaboksi zikabadilishwa fomula. Ndiyo maana kuna majina mengi kwenye makopo hadi leo, na ndiyo maana kumimina oili yoyote nyekundu "kwa sababu zote ni nyekundu" ni kama kuweka faili ya programu moja kwenye nyingine kwa sababu majina yanafanana. Rangi nyekundu ni ya kukusaidia kujua kama kinachovuja ni oili ya giaboksi au ya injini. Haisemi chochote zaidi.

Katika zama hizi za ubongo wa oili, kupima ugonjwa kulikuwa kazi ya pua, sikio na saa ya presha. Unachomoa dipstiki na kunusa. Oili nyekundu safi ni afya. Ya kahawia inayonuka kama ugali ulioungua ni klachi zinazokwisha. Ya pinki kama maziwa yaliyotiwa rangi ni maji ya rejeta yaliyopenya kwenye kipoza oili, na hiyo ni habari mbaya kweli. Punje moja ya mchanga ikikwama kwenye vali, gia moja inapotea. Kebo ya kanyagio ikilegea, gia zinapanda mapema na klachi zinabanwa kwa presha ndogo hadi zinaungua. Makanika mwenye pua nzuri alikuwa anaweza kufika kwenye jibu bila kufungua hata nati moja. Ulikuwa ujuzi halali kabisa, na sitaki mtu asome makala hii akafikiri naudharau.

Mashine hii ilisambaa kwa kupitia watu wenye pesa. Rolls-Royce, ambao hawakuwa na mazoea ya kununua kitu kwa mtu, walianza kufunga Hydra-Matic kwenye magari yao mwaka 1952. Mercedes-Benz walileta otomatiki yao wenyewe mwaka 1961. Japani, Toyota walitoa Toyoglide ya gia mbili mwaka 1959, kisha mwaka 1969 kampuni ya Aisin Seiki ikaungana na BorgWarner ya Marekani kuunda Aisin-Warner, kiwanda cha giaboksi tu. Kama umewahi kupanda gari la Kijapani la otomatiki hapa Afrika Mashariki, kuna uwezekano mkubwa ulisukumwa na kazi ya mikono ya watu hao.

Mwaka 1981 Toyota ilileta giaboksi ambayo uamuzi wa kubadilisha gia ulitoka kwenye kompyuta ndogo. Sahani, bendi na sayari zilibaki. Gavana aliachishwa kazi. Badala yake kukawekwa sensa ya mwendo, sensa ya kanyagio, na vali mbili zinazofunguliwa na kufungwa kwa sumaku ya umeme, ziitwazo solenoidi. Solenoidi mbili, gia nne. Umeona? Biti mbili! Ya kwanza ikiwaka peke yake ni gia ya kwanza. Zikiwaka zote ni ya pili. Ikiwaka ya pili peke yake ni ya tatu. Zikizimwa zote ni ya nne.

Mtu atauliza kwa nini zikizimwa zote iwe gia ya juu kabisa na si ya kwanza, ambayo ingeonekana ndiyo ya kuanzia. Fikiria gari liko kilomita 120 kwa saa na waya wa stima unakatika. Kama kuzima kungekuwa na maana ya gia ya kwanza, magurudumu yangeshikwa ghafla na gari lingepinduka. Kwa hiyo wahandisi walichagua kwamba kompyuta ikifa, gari libaki gia ya nne na likufikishe polepole. Mimi nimeandika programu nyingi na ninakiri si kila siku naona mtu akifikiria kushindwa kwa kifaa chake kwa upole kiasi hiki.

Lakini uamuzi huo huo mzuri ndio uliozaa mkanganyiko wa Mandera.

Kwa wasiopajua: Mandera ni pembe ya mwisho ya Kenya, pale Kenya, Ethiopia na Somalia zinapokutana. Ukivuka mto Daua uko Ethiopia, ukitembea kidogo mashariki uko Bula Hawa upande wa Somalia. Nairobi ni zaidi ya kilomita 1000 kwa barabara, kupitia Rhamu, El Wak na Wajir, na wazee wetu wakisafiri kwenda huko bado wanasema wanaenda "Kenya", kumbukumbu ya zama ambapo eneo hili lilifungwa na mtu alihitaji kibali kutoka na kuingia. Miji hii ilizoea Land Rover, malori ya Bedford, baadaye Land Cruiser za gia za mkono. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka Januari 1991, mashirika ya misaada yalijaa kaskazini, na magari yao ya kazi yalikuwa hasa ya gia za mkono. Kizazi kizima cha makanika kilijifunza kwa magari hayo.

Otomatiki zilikuja kwa mlango mwingine, mlango wa fahari. Land Cruiser ya mfululizo wa 80, iliyotoka mwaka 1990, katika toleo lake la VX ilikuwa na zulia, viti vya ngozi na giaboksi ya kujibadilisha. Ndugu zetu wa Tanzania waliipa jina la shangingi, nami sitaeleza neno hilo lilimaanisha nini kabla ya hapo. VX ilikuwa gari la mawaziri, mabalozi na wakurugenzi. Kenya ina kanuni, kiwango cha KS 1515:2000, inayozuia gari la mtumba lililozidi miaka minane kuingia nchini, kwa hiyo gari huingia likiwa bado kijana na kuzeekea humu. Na linavyozeeka ndivyo linavyosogea mbali na lami. Mwenye kwanza yuko Nairobi, wa pili yuko Nakuru au Thika, wa tatu yuko Garissa, na wa nne anakuja nalo Mandera likiwa na miaka zaidi ya ishirini, na bado ni gari la heshima. Wengine walipata ya kwao yaliyopitia Dubai na bandari za Somalia.

Na mfululizo huu wa 80 una siri ambayo ingefaa ichorwe kwenye kila gereji ya kaskazini. Zile za mwanzo zilikuwa na giaboksi ya A440F, ubongo wa oili, gavana na yote. Kuanzia karibu mwaka 1992 ikaja A442F, ubongo wa umeme. Ukiziegesha mbili pamoja, mtu hawezi kuzitofautisha kwa mbali: mwili uleule, taa zilezile. Moja inataka pua. Nyingine inataka waya wa sentimita kumi na mtu anayejua kuhesabu mimweko ya taa.

Adeer yangu ana VX ya miaka ya katikati ya 1990. (Adeer ni ndugu wa baba. Kwetu Wasomali yeye naye ananiita adeer, kwa hiyo ukitusikia tukizungumza utadhani kila mtu anamwita mwenzake mkubwa.) Si gari la harusi. Ndilo linalobeba wagonjwa wa ukoo kutoka upande wa Rhamu hadi hospitali ya Mandera usiku. Tangu shambulio la basi la Novemba 2014 lililoua watu 28, na lile la machimbo ya mawe Desemba mwaka huohuo lililoua 36, barabara zetu hazina mzaha. Mabasi yakawa ya kusindikizwa na polisi, na walimu na wafanyakazi wengi kutoka kaunti nyingine wakaondoka. Gari lisiloweza kujitoa mchangani saa mbili usiku ni hatari kwa waliomo.

Ugonjwa ulikuwa huu: kuondoka kuligeuka kuzito ghafla. Ukikanyaga injini inanguruma, gari linasogea kama ngamia aliyeamshwa kwa nguvu. Likishachanganya, likifika kilomita 80, linakwenda vizuri kabisa. Mchangani halitoki. Gereji moja ilishatoa hukumu: klachi za ndani zimekwisha, tafuta giaboksi nyingine. Adeer alikuwa ameshachagua ngamia wa kuuza.

Makanika mzee wa mtaa wetu, ambaye alijifunzia Bedford, alikuwa amenusa dipstiki kabla yangu. "Oili haijaungua," aliniambia. "Nyekundu kama damu. Lakini gia imekufa." Nikamwambia, "Adeer, pua yako imesema kweli. Sasa tuisikilize hadi mwisho." Kama klachi zingekuwa zimekwisha, zingeungua, na oili ingenuka. Oili safi na gari zito havikai nyumba moja.

Tulifanya jaribio la kukwamisha: breki ya mguu, breki ya mkono, magurudumu yamezuiwa kwa mawe, gia kwenye D, kanyagio hadi chini kwa muda usiozidi sekunde tano, huku ukisoma mizunguko ya injini. Klachi zinazoteleza huiachia injini ipae kupita kiwango chake. Yetu haikupaa. Tukapima muda kutoka N hadi gari kushtuka kwenye D. Vitabu vya Toyota vinataka chini ya sekunde 1.2, na R chini ya 1.5. Tulikuwa ndani ya kiwango. Kisha adeer akataja kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwuliza: "Nikianzia L, linavuta."

Hapo nilijua ninakokwenda. Kwenye boksi za familia hii, solenoidi ya kwanza ikipotea, rudi kwenye zile biti mbili uone: gia ya kwanza na ya pili zinahitaji biti hiyo. Bila yake, kompyuta kwenye D inabaki na ya tatu na ya nne tu. Gari linaondoka kwa gia ya tatu! Fikiria kuondoka mchangani na gari la mkono kwa gia ya tatu. Ukiweka L, njia za oili zenyewe zinaizuia gia ya tatu na kukupa ya kwanza. Dalili zinafanana kabisa na klachi zilizokwisha, kwa mtu ambaye uzoefu wake wote ni wa zama za gavana.

Tuliuthibitisha kwa njia ambayo kila mwandishi wa programu ataipenda: kutenganisha programu na chuma. Tulichomoa soketi ya waya wa solenoidi kwenye giaboksi, kompyuta ikawa haina mikono, tukaendesha kwa wenzo pekee. L ikatoa ya kwanza, 2 ikatoa ya tatu, D ikatoa ya nne, bila kuteleza. Chuma kizima.

Kisha tukairudisha soketi na kuiuliza kompyuta yenyewe. Gari hizi za kabla ya mfumo wa OBD-II, ambao Marekani iliulazimisha kwa magari yote mapya mwaka 1996, hazihitaji kifaa chochote cha kununua. Kwenye kisanduku kidogo karibu na injini kuna matundu yenye alama TE1 na E1. Unayaunganisha kwa kipande cha waya, unawasha ufunguo bila kuwasha injini, swichi ya O/D ikiwa imewashwa, na taa ya O/D OFF kwenye dashibodi inaanza kumweka. Ikimweka mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa. Yetu ilimweka mara sita, ikanyamaza, ikamweka mara mbili. 62: solenoidi ya kwanza. Makanika mzee alihesabu kwa sauti kama anahesabu mbuzi, na mimeko ilipojirudia alicheka. "Kumbe inasema!" Miaka yote ile taa ilikuwa pale, inangoja kuulizwa. (63 ni solenoidi ya pili, 64 ni ile ya kufunga toki konveta, 42 na 61 ni sensa za mwendo. Andika ukutani.)

Namba hiyo haisemi solenoidi imekufa. Inasema kompyuta haiifikii. Upinzani wa solenoidi hizo unatakiwa kuwa kati ya omu 11 na 15. Tulipima kwenye soketi ya giaboksi, mita ikasoma 13. Tulipima kutoka upande wa kompyuta, mita ikasoma hakuna njia. Kwa hiyo waya ulikuwa umekatika katikati, na tuliupata juu ya giaboksi, karibu na ekzosi, mahali fulani ambapo mtu wa zamani, asiyejulikana, aliuunganisha kwa kusokota na kufunga tepu. Tepu ilikuwa imeyeyuka. Tuliuunganisha kwa risasi, tukaupitisha mbali na joto, tukaufunga vizuri. Gari likaondoka kwa gia ya kwanza. Ngamia wakabaki malishoni.

Hiyo haimaanishi joto la Mandera ni hadithi. Toki konveta inapoteleza mchangani, nguvu yote ya injini inageuka joto ndani ya oili, na kanuni ya kukadiria ni kwamba kila nyongeza ya digrii kumi hivi za Selsiasi juu ya kiwango cha kawaida inapunguza maisha ya oili kwa nusu. Dereva wa VX anayevuka mchanga wa mto kwenye gia za kawaida anapika boksi lake. Aingize 4L kabla ya mchanga, toki konveta itateleza kidogo na joto litapungua. Kipoza oili cha ziada mbele ya rejeta nacho ni bei ndogo ukilinganisha na giaboksi. Na ndiyo, kuna boksi zilizokufa kweli: oili nyeusi, chenga za chuma, harufu ya kuungua. Hizo huwezi kuziamsha kwa kipande cha waya.

Ninachoona sasa kinakuja kaskazini ni zama ya tatu. VX za mfululizo wa 200, zilizotoka mwaka 2007, zimeanza kufikia ule umri wa kuhamia kwetu, na nyingi za kizazi hicho zinatumia oili nyembamba iitwayo WS na hazina dipstiki kabisa. Pua ya makanika imenyimwa mlango. Kupima kiwango cha oili unafungua nati iliyo kwenye boksi injini ikiwa inanguruma, na oili lazima iwe ndani ya dirisha dogo la joto, kwenye baadhi ya boksi chini ya digrii 50 au zaidi yake kidogo tu, joto ambalo unalisoma kwa kifaa kilichochomekwa kwenye OBD. Vifaa hivyo vidogo vinavyoongea na simu vinapatikana kwa bei ya kawaida Nairobi, na programu zake nyingi ni za bure. Shida ni jua. Gari lililoegeshwa nje Mandera saa nane mchana linaanza likiwa na chuma cha moto tayari, na ukichelewa kidogo tu dirisha limeshafungwa, oili imetanuka, na utamwaga ile iliyotakiwa kubaki. Kazi hiyo ifanyeni mara tu baada ya sala ya alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha, na nati iwe imeshalegezwa kabla ya kuwasha injini.